Mmoja tunamlisha, mwingine tunampora: Ndugu wawili wa kijani unaofaa kuwajua

Ukisikia neno kijani unafikiria nini? Afya, miti, hewa safi, labda ile smoothie ya sukuma wiki na nanasi ambayo kila mtu anapiga picha kabla ya kunywa. Tumezoeshwa kuamini kwamba penye kijani pana uhai, na penye uhai mambo ni poa.

Sasa shuka ufuoni Kisumu asubuhi ambapo upepo umelala, uangalie maji ya Ghuba ya Winam kando ya mawe. Siku nyingine utakuta kijani kizito kama rangi ya nyumba iliyomwagika kutoka kwa mkebe. Kinanuka kama nyasi zilizooza. Hicho pia ni kijani, na kina uhai tele. Lakini hutaki kikufikie mdomoni.

Halafu kuna kijani kingine ambacho huenda unacho dirishani. Umeona vile vimmea vidogo vinavyofanana na vijiwe viwili vilivyobanana, ambavyo vijana wengi wanavipanga kwenye meza ya kazi na kuvipiga picha? Asili yake ni kusini kabisa mwa Afrika, mahali pakavu ambapo hata mbuzi anafikiria mara mbili kabla ya kupita. Kijani chake kimejificha ndani, hukioni kwa urahisi.

Ukiwaweka hawa wawili pamoja utadhani hawana uhusiano wowote. Mmoja anaelea ziwani, mwingine amejizika jangwani. Mmoja huwezi kumwona bila darubini, mwingine unamshika mkononi. Kumbe ni ndugu. Na jinsi sisi binadamu tunavyowatendea inasema mengi kutuhusu.

Huyu wa ziwani ni nani?

Jina lake la kisayansi ni Microcystis. Watu wengi humwita mwani, lakini yeye si mwani hasa. Ni bakteria, wa kundi linaloitwa sianobakteria, yaani bakteria wanaojipikia chakula kwa mwanga wa jua kama mimea inavyofanya.

Seli yake moja ni ndogo sana. Ukizipanga kama 200 kwa mstari, ndipo zinafika urefu wa milimita moja. Akiwa peke yake hana lolote. Nguvu yake ni genge. Seli nyingi hushikana ndani ya ute na kuwa kifurushi kikubwa cha kutosha kuonekana kwa macho, kama unga wa kijani uliotiwa kwenye maji.

Ana ujanja mwingine. Ndani ya seli zake mna vifuko vidogo vya hewa, mfano wa jaketi la kuokolea maisha. Vifuko hivyo humwinua hadi juu majini penye mwanga. Jua likiwaka anatengeneza sukari, anakuwa mzito na kuzama kidogo. Usiku anaitumia hiyo sukari, anakuwa mwepesi na kupanda tena. Ndiyo maana mara nyingi utamkuta ametanda juu ya maji asubuhi mapema, hasa kama hakuna mawimbi ya kumtawanya.

Akitanda juu hivyo, wengine wote walio chini wanakosa mwanga. Ni kama yule jirani anayejenga ghorofa mbele ya dirisha lako.

Na huyu wa jangwani?

Yule wa jangwani anaitwa Lithops, jina linalotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya jiwe na uso. Tumwite mmea-jiwe. Ni mmoja wa mimea ya majani manene yanayohifadhi maji, ile ambayo wauzaji wa mitaani wanaiita sakulenti. Kwao ni Namibia na Afrika Kusini.

Mwaka wa 1811 msafiri Mwingereza William Burchell alikuwa akipita karibu na Prieska, Afrika Kusini. Aliinama kuokota alichodhani ni kokoto yenye umbo la ajabu. Kumbe alikuwa ameshika mmea. Kama mtaalamu wa mimea alidanganyika, sembuse mnyama mwenye njaa na kiu anayetafuta kitu cha kutafuna.

Mwili wake ni majani mawili tu yaliyoungana, yenye mpasuko katikati. Kwa upana, mengi hayazidi sana sarafu ya shilingi 20. Sehemu kubwa ya majani hayo imezikwa mchangani na ni ncha za juu tu zinazochungulia. Basi anapata mwanga vipi akiwa amejizika? Ncha zake ni kama kioo kisicho angavu sana. Jua linaingia kupitia madirisha hayo, linashuka ndani ya jani na kufika kwenye tabaka la kijani lililo chini ya ardhi. Amejenga nyumba ya chini kwa chini na kuweka dirisha kwenye paa.

Katika sehemu nyingine anakoishi mvua haifiki milimita 200 kwa mwaka. Kisumu hupata zaidi ya milimita 1,000. Kwa hivyo huyu mmea hana wakati wa starehe. Kila mwaka majani mawili mapya huchipuka kutoka kwenye mpasuko na kunyonya maji yote ya yale ya zamani, mpaka yale ya zamani yanabaki ganda kavu kama karatasi. Urithi unapita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto bila tone kupotea.

Hata mbegu zake zina nidhamu. Zimefungiwa ndani ya kikasha kigumu ambacho hakifunguki mpaka kilowe. Mvua ikinyesha kifuniko kinafunguka, na matone yanayofuata yanazirusha mbegu nje. Haoti kwa kubahatisha. Anasubiri ushahidi.

Undugu wao uko wapi?

Hapa ndipo hadithi inanoga.

Zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, hewa ya dunia haikuwa na oksijeni ya maana. Sianobakteria ndio walioanza kuimwaga. Walikuwa wakigawanya maji kwa nguvu ya jua, wakachukua walichohitaji na kutupa oksijeni kama takataka. Takataka hiyo ndiyo unayoivuta sasa hivi ukisoma makala haya.

Baadaye, zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, seli moja kubwa ilimmeza sianobakteria. Badala ya kumsaga ikaishi naye. Mgeni alipika sukari, mwenyeji akampa makao. Kizazi hadi kizazi, mgeni huyo akageuka kuwa kiungo cha seli, kile ambacho mwalimu wa Bayolojia alikufundisha kukiita kloroplasti.

Ndiyo kusema kila jani la kijani unaloliona, kuanzia mahindi ya Trans Nzoia hadi mchicha wa mama mboga, linafanya kazi kwa nguvu ya kizazi cha yule bakteria. Mmea-jiwe pia. Ukichungulia ndani ya dirisha lake, kijani unachokiona pale chini ni cha watu wa ukoo mmoja na yule anayeelea Winam. Wametofautiana tu makao na malezi.

Tatizo moja, majibu mawili

Ndugu hawa pia wamerithi tatizo moja la familia. Ili kutengeneza sukari wanahitaji hewa ya kaboni, na kuna kimeng'enya kimoja kinachoifanya kazi ya kuinasa. Kinaitwa rubisko. Shida ni kwamba rubisko ni kama karani mzembe. Kwanza yuko polepole, anahudumia molekuli chache tu kwa sekunde. Pili anachanganya faili. Badala ya kushika kaboni, wakati mwingine anashika oksijeni, na kazi inaharibika.

Ungefanyaje na karani kama huyo? Microcystis aliamua kumfungia kwenye chumba. Ndani ya seli yake kuna visanduku vya protini, na rubisko imerundikwa humo. Kisha seli inasukuma kaboni kwa wingi hadi ndani ya kisanduku, mpaka karani hana la kufanya ila kuihudumia. Ndiyo maana hata maji yakiishiwa na kaboni kwa sababu ya msongamano, yeye bado anakula huku mwani wa kawaida wakihangaika.

Mmea-jiwe hakuweza kufanya hivyo hivyo kwa sababu ana tatizo la ziada. Kupata kaboni ni lazima afungue vitundu vya jani, na akivifungua mchana jangwani, maji yote yanapotea. Basi akabadilisha saa za kazi. Anavifungua usiku kukiwa na baridi, anavuta kaboni na kuihifadhi kama asidi. Kukicha anafunga milango yote, na mchana kutwa anaitoa ile kaboni kidogo kidogo ndani kwa ndani na kumpa rubisko huku jua likiwaka. Nanasi la Thika na mkonge wa Taita Taveta hufanya mchezo huo huo.

Unaona? Dawa ni ileile, yaani kurundika kaboni karibu na karani. Mmoja ametumia nafasi, mwingine ametumia wakati.

Penye tofauti kubwa: Kasi

Lakini katika matumizi, ndugu hawa ni kama mshahara wa watu wawili tofauti. Mmoja akipata anatumia papo hapo. Mwingine anaweka.

Tuseme Microcystis anajigawa mara mbili kila baada ya siku 2, akiwa na joto na chakula cha kutosha. Anza na seli moja. Baada ya siku 20 una 1,024. Baada ya siku 40 umepita milioni moja. Na hakuna ziwa linaloanza na seli moja.

Mmea-jiwe katika siku hizo 40 pengine hata hajabadilika kwa kiasi cha wewe kugundua. Jozi moja ya majani kwa mwaka ndiyo ratiba yake, na anaweza kuishi miongo kadhaa. Ule unaotoshea kiganjani unaweza kuwa na umri sawa na wako.

Kwa hivyo mmoja anangoja tu tumwongezee, na mwingine hawezi kurudisha haraka tunachompokonya. Sisi tumefanya yote mawili.

Tunamlisha huyu

Microcystis hakuletwa Winam na mtu. Tatizo ni karamu tunayomwandalia. Anachokosa kwa kawaida ziwani ni fosforasi na nitrojeni, na hivyo ndivyo vitu tunavyomwagia kila siku. Mbolea ya mashambani ikizidi inaoshwa na mvua. Udongo wenyewe unaobebwa na Mto Nyando kutoka sehemu zilizoliwa na mmomonyoko, kama Katuk-Odeyo, unakuja na fosforasi yake. Majitaka na vinyesi kutoka mitaani, sabuni za kufulia, maji ya kuoshea magari kando ya ziwa, yote yanaishia sahani moja.

Isitoshe, ghuba yenyewe ni kama beseni. Kina chake kwa wastani ni mita chache tu, na mlango wake wa kuingilia ziwa kuu ni mwembamba. Maji hayabadilishwi haraka. Joto ni la mwaka mzima. Ungekuwa wewe ndiye Microcystis, ungehama?

Wengi wetu tunalijua gugumaji kwa sababu linaziba mitumbwi na linapigwa picha na wanahabari. Huyu mdogo anakula kwenye meza hiyo hiyo, lakini kwa kuwa hazuii boti hatumpigii kelele. Na pengine yeye ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa sababu baadhi ya aina zake hutengeneza sumu iitwayo maikrosistini, ambayo hulenga ini.

Si mzaha. Mwaka wa 1996 katika mji wa Caruaru, Brazil, kituo cha kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo kilitumia maji yenye sumu hii kutoka bwawani. Zaidi ya wagonjwa 50 walifariki. Mwezi Agosti 2014, mji wa Toledo huko Marekani uliwaambia zaidi ya watu 400,000 wasinywe maji ya mfereji kwa siku kadhaa, kwa sababu Microcystis alikuwa ametanda karibu na mdomo wa bomba lao ndani ya Ziwa Erie. Mji tajiri, wenye mitambo, na bado maduka yaliishiwa maji ya chupa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba maji ya kunywa kila siku yasizidi maikrogramu moja ya maikrosistini aina ya LR kwa lita. Sumu hii imewahi kupimwa na kupatikana katika Ghuba ya Winam. Anayeishi kwenye nyumba yenye maji yaliyosafishwa kwa mitambo ana angalau ukuta wa kumkinga. Anayechota moja kwa moja ziwani kwa mtungi hana.

Na hapa kuna jambo ambalo ungependa kumwambia nyanya yako ikiwa anaishi karibu na ziwa: kuchemsha maji hakuondoi sumu hii. Kuchemsha huua vijidudu vya kuhara na kipindupindu, na hiyo ni kazi muhimu. Lakini maikrosistini hustahimili joto, na seli zikipasuka kwa kuchemshwa zinaimwaga kwenye sufuria. Vile vidonge vya klorini vya nyumbani navyo vimetengenezwa kwa ajili ya vijidudu, si kwa maji mazito ya kijani.

Kisha kuna samaki. Tabaka hilo la kijani likifa linaoza, na kuoza kunamaliza oksijeni majini. Samaki anaweza kutoroka akaenda kwenye maji safi. Samaki aliye kwenye kizimba hana pa kwenda. Kwa kijana aliyechukua mkopo kufuga ngege ziwani, asubuhi moja ya maji bila oksijeni inatosha kumrudisha sufuri.

Na huyu tunampora

Huku kusini kisa ni kinyume. Hakuna anayemlisha mmea-jiwe. Anapendwa, na kupendwa huko ndiko kunakommaliza.

Kuanzia karibu 2019, mahitaji ya mimea midogo ya ajabu yalipanda mtandaoni, na majangili wakaelekea maeneo kame ya magharibi mwa Afrika Kusini. Walioumia zaidi ni jamaa wa karibu wa mmea-jiwe wanaoitwa Conophytum, ambao ni wadogo zaidi. Tangu wakati huo, maafisa wamenasa zaidi ya mimea milioni moja ya aina hizi iliyong'olewa porini. Hiyo ni ile iliyonaswa.

Baadhi ya aina hizo zinapatikana kwenye kilima kimoja tu duniani. Mtu akifika na gunia, anaweza kumaliza ukoo mzima kabla ya chakula cha mchana. Wanaotumwa kung'oa mara nyingi ni vijana wasio na kazi wa maeneo hayo, wanaolipwa kidogo huku faida kubwa ikienda ng'ambo. Unaijua hiyo hadithi. Badilisha mmea uweke msandali, na uko Kenya.

Sisi pia tuna sakulenti zetu zinazowindwa. Mishubiri ya porini kule Baringo, Laikipia na Samburu ilikuwa ikikatwa hovyo kwa ajili ya utomvu, hadi amri ya kuzuia uvunaji huo ikatolewa mwaka wa 1986. Biashara ya kimataifa ya mishubiri mwitu inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Sasa ufanye nini?

Ukiwa karibu na ziwa au bwawa, weka kanuni moja kichwani: maji yakifanana na rangi ya kijani, usiogelee, usichote, usimwache mbwa wala ng'ombe ayanywe. Huwezi kujua kwa macho kama kundi hilo lina sumu au halina, kwa hivyo chukulia lina. Ukilazimika kuchota, enda mbali na ufuo ambako hakijarundikana. Ukipika samaki aliyevuliwa wakati kama huo, toa matumbo na ini lote na umwoshe kwa maji safi, kwa maana sumu hukaa zaidi huko.

Lakini usimwogope kila sianobakteria. Wale wa maji ya magadi ya Ziwa Bogoria, jamaa wa spirulina, ndio chakula cha heroe. Ubaya hautokani na ukoo.

Ukiwa na sauti mtaani, iwe ni kundi la vijana, kanisa au baraza la wadi, uliza swali moja ambalo halipendezi: majitaka yetu yanaishia wapi? Kuondoa gugumaji kwa mashine kunaonekana vizuri kwenye kamera. Kurekebisha bomba la majitaka hakuonekani, lakini ndiko kunakopunguza karamu.

Na ukitaka mmea-jiwe, nunua, hakuna kosa. Unaota vizuri kutokana na mbegu, kwa hivyo hakuna sababu ya kuung'oa porini. Muulize muuzaji umetoka wapi. Mimea iliyooteshwa kitaluni huwa safi na inalingana. Ikiwa na makovu, mizizi iliyokatika na ukubwa tofauti tofauti, shuku.

Ukifika nyumbani, upande kwenye kopo lenye tundu chini na mchanganyiko wenye changarawe nyingi. Upe jua. Halafu ufanye jambo ambalo wengi wetu hatuliwezi: uache. Majani mapya yakianza kuchungulia, usimwagilie kabisa mpaka ya zamani yakauke. Ukiona makunyanzi, basi una kiu, mpe kidogo. Ukiona umevimba na kupasuka, umeushibisha kupita kiasi. Wengi hawafi kwa kiu. Wanakufa kwa huruma ya mwenye nyumba anayemwagilia kila Jumapili.

Ukifikiria vizuri, kosa linaloua mmea wako dirishani ndilo linaloharibu ziwa. Ni kumwaga zaidi ya kinachohitajika, kisha kushangaa matokeo. Kilimani huko kusini kosa ni la pili, kuchukua zaidi ya kinachoweza kurudi. Viumbe hawa wawili wamejua kuishi na walichopewa kwa muda mrefu kuliko binadamu amekuwepo. Aliyebaki kujifunza kipimo ni sisi.